Simu Yako Inakudanganya, Usimlaumu Mwenye Printa (Ingawa Naye Ana Lake)

Kuna sentensi moja nimeisikia Likoni, nimeisikia Kisauni, na majuzi nimeisikia tena Changamwe nikiwa kwenye foleni ya duka la picha: "Picha ya karatasi haiwezi kuwa kama ya kwenye simu." Husemwa kwa sauti ya mtu anayekueleza kwamba maji ya bahari yana chumvi. Mteja anaguna, analipa, anaondoka na bahasha ambayo ndani yake bibi harusi amepauka kama aliyepakwa jivu, au bwana harusi amegeuka kiza kitupu chenye meno meupe. Hakuna anayerudisha. Utarudishaje, na umeshaambiwa ndivyo dunia ilivyo?

Leo nataka kubishana na sentensi hiyo. Ina ukweli ndani yake na nitaueleza, lakini imegeuzwa kisingizio, na kisingizio hicho kinawaangukia watu wa aina moja zaidi kuliko wengine. Mtajua ni akina nani tukifika huko.

Msimamo wangu niuweke mapema ili tusizungushane. Tunalinganisha kinyumenyume. Tunaishika simu kama ndiyo kweli yenyewe, kisha tunaishtaki karatasi kwa kutofanana nayo. Karatasi ndiyo iwe mizani, simu ndiyo ipimwe. Na kinachoharibu nyuso zetu kwenye karatasi, mara nyingi, si wino wa bei rahisi wala si weusi wa mtu. Ni marekebisho ya otomatiki ambayo mashine huyafanya bila kuulizwa, na ambayo wenye maduka wengi hawajui kama yanazimika.

Haya, tuanze na simu. Skrini ya simu ni taa. Karatasi si taa. Inaazima mwanga wa mahali ilipo na kuurudisha. Picha nyingi duniani zinafuata kiwango cha rangi kinachoitwa sRGB. Kampuni za HP na Microsoft zilikipendekeza mwaka 1996, kikapitishwa kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 1999, na kiliandikwa kwa kufikiria skrini yenye mwangaza wa kandela 80 kwa kila mita mraba. Themanini tu. Ndizo zilikuwa skrini za zile kompyuta zenye mgongo mrefu ambazo zilikula meza nzima. Simu ya leo, hata ya bei nafuu, hufika 400 au 500 ukiuinua mwangaza mpaka mwisho, na zile za bei kali hupita 1000 kwenye jua.

Sasa chukua karatasi nyeupe ya picha uiweke kwenye chumba chenye mwanga wa ofisi ya kawaida, tuseme luksi 300. Itarudisha kandela 85 hivi kwa mita mraba. (Hesabu yake: 300 mara 0.9, kwa kuwa karatasi nzuri hurudisha kama asilimia 90 ya mwanga, halafu gawanya kwa pai.) Themanini na tano! Karibu sawasawa na ile skrini iliyokuwa akilini mwa watu wa sRGB. Na simu uliyoishika mkononi ukilalamika inawaka karibu mara sita zaidi. Basi aliyekosa hapo ni nani, karatasi au simu?

Jaribu mwenyewe, usinisadiki mimi. Ile picha uliyoambiwa "imetoka giza" itoe chini ya balbu ya dukani, isogeze mlangoni kwenye mwanga wa mchana, si kwenye jua lenyewe. Utaona nyuso zinaamka. Wino haujabadilika. Halafu chukua simu, shusha mwangaza mpaka weupe wa skrini ulingane na weupe wa karatasi tupu uliyoishika kando yake. Zima ile hali ya rangi kali ambayo simu nyingi hutoka nayo kiwandani ili zing'are kabatini dukani, na ile ya kulinda macho usiku inayoipaka skrini umanjano. Tazama tena. Nusu ya ugomvi imekwisha, na hujatumia hata shilingi.

Nusu ya pili ndiyo iliyonifanya niandike.

Mwaka jana mama mmoja jirani yetu kule Mtongwe aliozesha binti. Kijana aliyemwoa ni mweusi tititi, mzuri wa sura, mpole. Picha zilipigwa nje, saa saba mchana, akiwa na kanzu nyeupe mbele ya ukuta uliopakwa chokaa. Niliziona kwenye kamera yenyewe: uso upo, macho yapo, mpaka kile kikovu kidogo cha kwenye nyusi kipo. Albamu ilipotoka, kanzu ilikuwa na rangi ya maji ya mchele na juu yake hapakuwa na mtu, palikuwa na kivuli. Mama wa watu akairudisha dukani (duka silitaji) akaambiwa mbele za wateja: "Mama, huyu kijana ni mweusi sana. Mashine haiwezi." Akaichukua albamu yake akaondoka. Hajamwonyesha mkwewe mpaka leo.

Mashine haiwezi! Kiufundi huo ni uongo, na naomba mnifuate kwenye hesabu ndogo.

Kuna kadi ya rangi maarufu iitwayo ColorChecker, ya mwaka 1976, yenye miraba 24, ambayo hadi leo inatumiwa kupimia kamera na printa. Miraba miwili ni ya ngozi ya binadamu, mmoja wa ngozi nyeupe na mmoja wa ngozi nyeusi. Ule wa ngozi nyeusi kwenye sRGB huandikwa 115, 82, 68. Sisi tunaoandika programu za picha tunazijua nambari hizo kama tunavyojua nambari zetu za simu. Ukizitazama kwenye skrini utaona ni mtu wa maji ya kunde, tena wa maji ya kunde aliyekaa kivulini. Kutoka Likoni hadi Kisauni kuna watu kwa maelfu walio weusi kuliko mraba huo, ila tuuchukue hivyo hivyo. Mraba huo hurudisha kama asilimia 10 ya mwanga unaouangukia. Ule wa ngozi nyeupe hurudisha asilimia 35 hivi.

Karatasi ya picha ya kung'aa, ikichapwa wino mweusi kadiri inavyoweza kubeba, bado hurudisha karibu asilimia 1 ya mwanga, nzuri zaidi hushuka hata nusu ya hapo. Kwa hiyo kati ya ngozi nyeusi na weusi wa mwisho wa karatasi kuna nafasi ya mara kumi. Kwa lugha ya wapiga picha ni stopu tatu na zaidi. Katika nafasi hiyo unaweza kuweka shavu, kivuli cha pua, ukingo wa taya, nyusi na kikovu chake. Nafasi ipo na ni kubwa. Ila ukiuchukua uso huo ukaushusha stopu moja, kisha nyingine, umeusukumia pale mwisho ambapo vivuli vyote vinaungana kuwa doa. Uso mweupe ukiushusha hivyo hivyo unakuwa tu uso wa mtu aliyechomwa na jua. Kosa ni lile lile, mmoja anatoka na wangwani, mwingine anafutwa.

Nani aliyeushusha? Sasa tunafika kwenye kitufe.

Katika miaka ya 1940 mtaalamu mmoja wa Kodak, Ralph Evans, aliona jambo la werevu sana. Ukichukua picha ya kawaida ya rangi, ukachanganya kila kitu kilichomo mpaka kiwe rangi moja, mara nyingi utapata kijivu. Anga, miti, nguo, watu, vyote kwa pamoja vinakaribia kijivu. Basi mashine ya kuosha picha ikiambiwa iuvute wastani wa kila picha kwenye kijivu, itasahihisha picha nyingi bila mtu kuzitazama. Maabara za rangi duniani zilijengwa juu ya wazo hilo, na wajukuu wake wamo ndani ya programu za kurekebisha picha mpaka leo. Si wazo baya. Ni wazo la wastani.

Sasa leta kanzu. Kanzu nyeupe, ukuta mweupe, jua la utosini la pwani: wastani wa picha ni mweupe. Mashine inasema, "Hii imeungua," inashusha. Kanzu inakuwa kijivu, mashine inaridhika, na uso wa kijana unashuka pamoja na kanzu mpaka shimoni. Leta buibui. Wanawake watano wenye mabuibui kwenye kochi la rangi ya kahawia: wastani ni giza. Mashine inasema, "Hii imekosa mwanga," inapandisha. Buibui jeusi linakuwa la rangi ya moshi na sura za maji ya kunde zinapauka, ndilo lile jivu tulilolisema pale mwanzo. Leta watu waliosimama katikati ya minazi: kijani kimezidi, mashine inaongeza kinyume chake, majenta, na kila mtu anatoka amewiva kama mwenye homa.

Tafakari hapo kidogo. Harusi ya Mombasa upande wa wanaume ni kanzu tupu na upande wa wanawake ni buibui tupu. Ukikaa chini kwa makusudi ubuni sherehe ya kuishinda kanuni ya Evans, hutapata bora kuliko hiyo. Hatuhitaji printa mbovu. Tunahitaji tu printa nzima yenye otomatiki.

Mtu ataniambia mashine za kisasa zina akili, zinatafuta uso kwanza. Kweli, na Fuji waliupa mfumo wao wa maabara jina la kujisifu, Image Intelligence. Lakini kuupata uso ni hatua ya kwanza tu. Lazima programu iamue uso huo unapaswa kuwa wa rangi gani. Na historia ya uamuzi huo haikuanzia kwetu. Kuanzia miaka ya 1950 Kodak walikuwa wakisambaza kwenye maabara kadi yenye picha ya mwanamke mweupe. Fundi aliichapa, akitazama ngozi ya huyo mwanamke; ikikaa sawa, mashine iko sawa. Kadi zikaitwa Shirley, kwa jina la Shirley Page, mfanyakazi wa Kodak aliyekuwa kwenye kadi ya mwanzo. Mtafiti wa Kanada, Lorna Roth, aliandika habari hiyo kwa kirefu mwaka 2009, na ndani yake mna jambo ambalo kila nikilikumbuka nashindwa kujua nicheke au nilie: miongoni mwa waliowasukuma Kodak kuboresha namna filamu yao inavyoonyesha rangi za kahawia ni watengenezaji wa samani za mbao na watengenezaji wa chokoleti. Mbao na chokoleti! Kadi yenye mwanamke mweusi, pamoja na mweupe na wa Asia, ilikuja katikati ya miaka ya 1990.

Msinielewe vibaya, sisemi mwenye duka wa Magongo ni mbaguzi. Yeye mwenyewe ni mweusi na picha zake za pasipoti zinamtoa kama mkaa. Nasema amekabidhiwa mizani ambayo kidole cha mtu kiko juu yake tangu zamani, akafundishwa kuamini mizani na kulitilia shaka jicho lake.

Na haikuwa hivyo siku zote. Mombasa ina historia ndefu ya studio. N. V. Parekh, ambaye picha za studio yake leo zinaonyeshwa nje ya nchi kama kazi za sanaa, alipiga kwa filamu nyeusi na nyeupe. Katika studio za namna hiyo aliyekupangia taa na aliyekuchapa kwenye chumba cha giza walikuwa mtu mmoja, au watu wawili wa nyumba moja. Walikuona. Uso ukitoka kiza, karatasi hiyo inatupwa, inachapwa nyingine. Ilipoingia filamu ya rangi, uchapaji ukahamia kwenye maabara za mashine. Kwenye miaka ya 1990 kivuko cha Likoni kilikuwa na wapiga picha wa vibandani, wenye mapazia yaliyochorwa ndege na meli na majumba ya ghorofa. Mwanaanthropolojia wa Ujerumani, Heike Behrend, aliwaandika kwenye jarida la African Arts mwaka 2000. Watu wabunifu wale! Lakini picha ya rangi ilimalizikia kwa mwendesha mashine ambaye hakuwahi kukuona, na mashine ikamwambia wewe ni wa rangi gani.

Ndiyo maana nasema tumepewa bahati tusiyoitambua. Leo mwenye kibanda cha picha, saiba yenye kiti kimoja cha plastiki na pazia jeupe, ana kamera, ana kompyuta na ana printa juu ya meza ile ile. Mteja amekaa mbele yake! Anaweza kunyanyua macho kutoka kwenye karatasi akautazama uso wenyewe. Chumba cha giza kimerudi mikononi mwake, naye anabonyeza otomatiki.

Rafiki yangu ana duka kama hilo Mlaleo, na Epson ya matangi yenye rangi sita, ile mnayoiona kila kona. Tulichukua picha moja, mtu mweusi mwenye kanzu, tukaichapa mara tatu kwa ukubwa wa inchi 4 kwa 6, karatasi ile ile, wino ule ule. Ya kwanza tuliiacha printa ifanye inavyotaka, na marekebisho ya picha yakiwa yamewashwa: uso kiza, kanzu kijivu. Ya pili tuliiacha programu ya kuhariri picha ipange rangi na printa nayo ipange tena juu yake: uso ukatoka na wekundu usio wa dunia hii. (Hii ya pili ni ya kawaida kuliko mnavyodhani. Wawili wakisahihisha kosa lile lile, wanatengeneza jipya.) Ya tatu tulizima marekebisho yote kwenye mipangilio ya printa, tukaiacha programu peke yake ipange rangi kwa profaili ya karatasi ile. Profaili ya rangi ni faili dogo linaloeleza wino fulani kwenye karatasi fulani unatoa rangi gani hasa. Watengenezaji wengi wa karatasi huzitoa bure kwenye tovuti zao kwa kila printa.

Ya tatu mtu alikuwepo. Haikuwa kama simu, na haitakuwa, kwa sababu karatasi si taa. Lakini ukiiweka kando ya mwenyewe, dirishani, ni yeye. Dakika 20 na karatasi tatu.

Rafiki yangu alinipa jibu ambalo ni la haki na sitalificha. "Wewe umekuja na picha moja. Jumamosi mtu ananiletea flashi yenye picha 300, za simu nne tofauti, anataka kesho asubuhi. Nikizima otomatiki nitazirekebisha zote kwa mkono?" Hapana, asizirekebishe. Picha 300 za matembezi ya ufuoni, kanuni ya wastani inazitosha. Ninachodai ni picha chache tu: za harusi, za kukuza na kuweka fremu, na za matanga. Huyo wa matanga ndiye anayeniuma zaidi. Mtu ametangulia, familia inatoa picha yake moja nzuri, inakuzwa, inawekwa kwenye meza mbele ya waombolezaji, halafu miaka 20 inayofuata watoto wake wanamjua baba yao kwa karatasi ile. Ukimchapa doa, watoto watakumbuka doa. Dakika 20 hizo hatuna?

Wako wanaosema dawa ni kifaa cha kupimia skrini. Ni kifaa kizuri, kinauzwa zaidi ya dola 100, na mwenye biashara kubwa anunue. Lakini ukikinunua ukaiacha otomatiki ya printa ikiwaka, umenunua mizani mpya na kile kidole umekiacha pale pale. Wako wa wino: "Tia wino wa kampuni tu." Wino wa kopo la mtaani una matatizo yake, hasa kufifia mapema ukutani, na profaili ya mtengenezaji haikuandikwa kwa ajili yake. Hata hivyo wino usiobadilika unaweza kuuzoea na kuujulia. Anayenunua kopo la rangi hii wiki hii na la jingine wiki ijayo ndiye asiyeweza kusaidiwa na mtu. Na wako wanaonitajia Real Tone ya Google, iliyoingia na Pixel 6 mwaka 2021, kwamba kamera sasa zinatuona. Nawapongeza kwa dhati. Kamera ikishakuona vizuri, picha bado itapita kwenye printa ya Magongo.

Siwezi kumaliza bila kuwageukia wenzangu wa kazi, maana sisi tunapenda kumcheka mwenye saiba. Simu za iPhone tangu iPhone 7 ya mwaka 2016 hupiga picha kwenye uwanja wa rangi mpana zaidi ya sRGB, uitwao Display P3, na faili hubeba profaili ya kusema hivyo. Halafu mwenzangu anajenga tovuti ya kupakia picha, anazipunguza kwa ImageMagick, na ili faili liwe jepesi anaongeza -strip. Amri hiyo inafuta taarifa zote za pembeni na profaili inakwenda nazo. Nambari za rangi zimebaki zile zile, ila hakuna tena anayejua ni nambari za uwanja gani. Kompyuta ya dukani inadhani ni sRGB, na rangi zote zinanyong'onyea. Ngozi ndiyo inayoonekana kwanza, kwa sababu jicho la mtu linasamehe rangi ya shati lakini halisamehe rangi ya mama yake. Ukitaka kufuta, geuza picha iwe sRGB kwanza, kisha futa. Mstari mmoja! Profaili yenyewe ni kilobaiti 3 hivi, mara nyingi pungufu.

Na WhatsApp. Picha ikitumwa kwa njia ya kawaida hupunguzwa mpaka karibu pikseli 1600 kwa upande mrefu. Ukiikuza kwa inchi 12 unapata pikseli 133 kwa inchi, wakati picha ya kukaa ukutani inataka 300. Tangu mwaka 2023 kuna chaguo la ubora wa juu, lakini ukitaka faili lenyewe lifike bila kuguswa litume kama dokyumenti. Mwambie hivyo na mjomba anayekutumia picha ya marehemu kutoka Muscat, kabla hajaifuta kwenye simu yake.

Sasa ile mizani. Wenye maduka, hili ni lenu. Chukueni majirani watano au sita, wa rangi zote tulizonazo, kuanzia mweusi tititi, maji ya kunde, mpaka mweupe wa mji wa kale, mmoja awe na kanzu na mmoja awe na buibui. Wapigeni kivulini. Chapeni bila marekebisho yoyote, kwa karatasi na wino mnaoutumia kila siku, mkirudia mpaka wenyewe wakubali, wakiwa wamesimama hapo hapo. Karatasi hiyo itundikeni kando ya kompyuta, mahali penye mwanga mzuri. Halafu fungueni faili lake kwenye skrini, mshushe mwangaza na mpange rangi za skrini mpaka ifanane na karatasi. Skrini ndiyo inayofuata. Kuanzia siku hiyo kila mnachokirekebisha kwenye skrini hiyo mnakirekebisha mkijua karatasi itasema nini. Mkibadilisha karatasi au wino, chapeni nyingine.

Na wewe mteja unayekwenda kukuza picha, iseme mapema, kabla hajabonyeza: usiirekebishe, nichapie ndogo moja kwanza niitazame nje. Ukiipenda, akuze hiyo hiyo.

Kadi ya rafiki yangu wa Mlaleo ina nyuso sita. Ya saba ni ya mzee mmoja mvuvi, mweusi kuliko wote, na bado vivuli vya shingoni vinaungana na kola ya shati lake. Tunaijaribu tena akipata karatasi ya kung'aa. Hii ya sasa ni ya rangi iliyofifia, na weusi wake haushuki vya kutosha.